Mama Sikudhani ana sifa kibao ila hatumwoni

Swali limetoka kwa binti wa kidato cha tano HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), yuko Mafinga. Nimelifupisha kidogo tu:

"Shikamoo mwalimu. Tumepewa kazi ya fasihi, tuandike maelezo ya mhusika mmoja wa kubuni, maneno 400, na mwalimu kasema anataka 'amwone mtu'. Nimeandika, imerudi na neno moja la wino mwekundu: ORODHA. Sijaelewa. Aya yenyewe hii hapa: 'Mama Sikudhani ni mwanamke mwenye urefu wa wastani, mweusi wa kung'aa, ana macho makubwa na meno meupe kama maziwa. Ana umri wa miaka 45. Anauza viazi sokoni. Ni mchapakazi, mkarimu, mcheshi na mwenye huruma ila ni mkali. Anapenda watu wote na watu wote wanampenda.' Kosa langu nini?"

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, Kiswahili chako hakina shida, sentensi zimenyooka, ngeli ziko sawa, na mwalimu wako wala hajakuonea. Tena kakuandikia neno lenye maana kuliko wale wanaoandika "jitahidi" alafu mtoto anabaki anajiuliza ajitahidi wapi. Orodha ndo hiyo hiyo uliyoandika: urefu, rangi, macho, meno, umri, kazi, tabia. Yani umejaza fomu. Ni kama picha ya paspoti, inatosha kumvusha mtu pale mpakani Tunduma ila haitoshi kumfanya mtu amkumbuke akishageuka.

Fanya jaribio hili. Chukua hiyo aya, futa jina, alafu nenda nayo soko lolote, hapo hapo Mafinga, au teremka Ilula kwenye nyanya na vitunguu, au njoo huku kwetu Mwanjelwa, muulize kijana yeyote wa mkokoteni "namtafuta mama mmoja urefu wa wastani, mweusi, macho makubwa, mchapakazi". Atakuuliza yupi sasa, maana kwa maelezo hayo karibu wote ni yeye. Lakini mwambie "yule anayevaa koti la kiume, anayebonyeza viazi kwa dole gumba kimoja kimoja kabla hajakuwekea", hapo atanyoosha mkono kabla hujamaliza kusema. Na urefu hujautaja, rangi hujaitaja, umri hujautaja.

Huu ugonjwa wa orodha nyie mmeutoa kwenye mitihani, na sie walimu ndo tumewaambukiza. Toka kidato cha tatu unaulizwa "fafanua sifa nne za mhusika mkuu", unajibu ni hivi, ni vile, na vile, unapata maksi zako kihalali kabisa. Pale ni sawa, maana pale unahakiki. Mwandishi kashafanya kazi ya kumtembeza mtu kwenye kurasa, wewe unakuja nyuma yake unamwekea jina la tabia. Chukua Ngoswe wa Edwin Semzaba. Tunasema Ngoswe mzembe kwa lipi? Katumwa kijijini kuhesabu watu, badala ya kukomaa na kazi ya serikali akanasa kwa Mazoea, binti wa balozi Mitomingi, wakatoroka, na mzee kwa hasira akazichoma karatasi za takwimu, kazi yote ikawa majivu. Hayo ndo tunayoyaona. Neno "mzembe" tunalitoa sisi vichwani mwetu baada ya kuona. (Najua utaniambia mbona uzembe upo mpaka kwenye jina la tamthiliya. Ni kweli, Penzi Kitovu cha Uzembe, ila jaribu kufikiria tubaki na hilo jina tu bila Mazoea na bila hizo karatasi kuungua, uone kama kuna mtu angemkumbuka Ngoswe.)

Kwenye utunzi njia inageuka. Sifa inabaki kichwani mwako, au uiandike kwa penseli pembeni ya daftari kama unaogopa kuisahau, kwenye karatasi linaenda tendo, alafu msomaji ndo anafika kwenye sifa kwa miguu yake. Akifika mwenyewe anaamini na atakutetea hata kwa wenzake. Akiambiwa tu "ni mkarimu" anasema haya, anapita.

Sasa tuanze na mwili maana ndo ulipoanzia wewe. Sikwambii usiutaje mwili kabisa, wapo watu wanakaririshana hivyo na wanakosea. Mimi naangalia kitu kimoja tu, je hii sifa ya mwili inasababisha kitu, au kuna kitu kimeisababisha? Kama hamna, inatoka. Chukua Takadini ya Ben Hanson, mtoto kazaliwa na ualbino, mila ya pale haitaki aishi, mama yake Sekai anambeba anakimbia naye. Pale rangi ya ngozi ukiitoa huna kitabu. Kwa Mama Sikudhani ukitoa "mweusi wa kung'aa" kitu gani kinadondoka? Hamna. Macho makubwa, hamna. Meno meupe kama maziwa ndo kabisa, hayo yametumika toka enzi za mababu, jicho la msomaji linateleza juu yake kama vile hapakuandikwa kitu.

Lakini mwili wa mtu anayeuza viazi Mafinga una mambo mengi ya kweli ambayo hujayagusa. Vidole vina udongo kwenye mipasuko hata akinawa na sabuni ya kipande. Dole gumba lina kazi yake, linabonyeza, linajua kiazi kilichoanza kulainika ndani hata kama ganda bado zuri. Juni na Julai baridi ya huko unaijua kuliko mimi, midomo inakauka, visigino vinapasuka, mtu anavaa sweta mbili na koti juu yake. Hilo koti sasa! Koti la nani? La kiume, limezidi, mikono imekunjwa. La mume? La kaka? La mitumba? Usiseme. Ukiliweka tu pale msomaji ataanza kujiuliza mwenyewe na akishajiuliza keshakuwa wako.

Na ile miaka 45 usiiandike. Umri unaonekana kwa namna mtu anavyoinuka kutoka kwenye kigoda, mkono kwanza gotini, ndo mwili unafuata. Unaonekana kwa hesabu pia, yeye anapiga kichwani sado (yale makopo ya kupimia) tatu na nusu kwa bei ya leo na jibu analo wakati kijana wa pembeni bado anatafuta kalkuleta kwenye simu. Hapo umri umeingia, na akili yake imeingia, na hujaandika namba.

Afadhali wewe hujaniletea "nywele ndefu zinateleza mgongoni". Nasahihisha kazi za watoto wa Mbozi na Rungwe, wahusika wao wametoka mzima mzima kwenye tamthilia za Kituruki zile zilizotafsiriwa, mtu yuko Tukuyu, mvua inanyesha toka juzi, njia ni tope tupu, yeye anashuka ngazi na gauni refu la hariri anamkuta mchumba wake sebuleni na shada la maua. Ngazi za wapi hizo? Angalau wewe umenipeleka sokoni, na soko unalijua.

Haya, sasa twende penye kazi yenyewe, ambapo ningependa utumie muda mwingi kuliko kwenye hayo mengine yote. Mama Sikudhani anataka nini? Usinijibu "anataka maendeleo ya familia yake", hilo jibu la risala. Nauliza leo, saa hizi, akiwa amekaa pale nyuma ya viazi, anataka nini? Aristotle, yule Mgiriki wa zaidi ya miaka 2300 iliyopita, alipoandika kuhusu maigizo alisema tabia ya mtu inaonekana kwenye anachokichagua. Mpaka leo sijapata kipimo kizuri zaidi ya hicho. Mtu ambaye hajachagua kitu mbele ya macho yetu hatumjui, hata ukitwambia kimo chake kwa futi na inchi.

Na ufunguo umeuandika mwenyewe, sema umeukanyaga ukapita. Umeandika "mkarimu... ila ni mkali". Hapo kwenye "ila" ndo ulipotakiwa kukaa, hata siku nzima. Mtu anakuwaje mkarimu na mkali ndani ya saa moja, kwenye meza moja, kwa mteja mmoja? Wengi wanaandika mkarimu aya ya kwanza na mkali aya ya pili, kama vile ni watu wawili wanaopokezana zamu. Tafuta mahali ambapo ukarimu wake ndo ukali wenyewe.

Zipo njia nyingi. Anaweza kuwa mkali pale tu mtu anapomshukuru, hataki shukrani, akishukuriwa anafoka. Anaweza kuwa mkarimu kwa wapita njia alafu nyumbani watoto wake wanaomba chumvi kwa woga. Mimi nikiambiwa nichague nitachukua hii: anakopesha kirahisi sana, hadai mtu, ila hasahau. Hela yenyewe wala haimshughulishi sana, anachotaka ni kupita pale sokoni akijua kila kibanda kuna mtu anadaiwa naye. Kwanini yuko hivyo? Labda zamani aliomba akanyimwa mbele za watu. We lijue hilo, ila usiliandike, maneno 400 hayalibebi na ukilibandika mwishoni litaonekana limebandikwa.

Ukishajua anataka nini, maongezi yanakuwa rahisi. Kiswahili kimetupa silaha moja kubwa hapa na wanafunzi hawaitumii, namna watu wanavyoitana. Sokoni mtu mmoja anaitwa mama, dada, bibi, shemeji, mwanangu, mdogo wangu, bosi, mteja, na kila jina lina bei yake. Amua Mama Sikudhani anamwita nani nani. Labda mwenye hela mkononi anamwita dada, na asiye na hela anamwita mwanangu. Umeona? Hapo hujasema chochote kuhusu tabia yake, lakini mtu akiitwa mwanangu keshawekwa chini yake, kwa upole kabisa, na hawezi hata kulalamika. Amua pia yeye wanamwitaje, wale vijana wanaoshusha magunia ya lumbesa wanamwita nani akiwepo, na nani akiwa hayupo.

Kilugha weka kidogo sana. Salamu ya "Kamwene" moja asubuhi inatosha kutwambia tuko kwa Wahehe na Wabena, ukijaza kumi msomaji wa Tanga anachoka na msomaji wa Iringa anakushangaa, maana watu wa mjini siku hizi wanachanganya tu. Na hapo hapo nikuonye kitu, usimchukue mhusika kwenye utani. Tuna utani wetu huku Nyanda za Juu, Mhehe yuko hivi, Mnyakyusa ni mbabe, Mkinga na hela, kwenye msiba mtani anakuja anatuchekesha na inaleta raha. Lakini ukiniandikia "alikuwa mkali kama walivyo Wanyakyusa" umekwepa kazi. Umempa ukali wa watu wote huku mimi nilikuwa natafuta wa huyu mmoja.

"Anapenda watu wote na watu wote wanampenda" futa bila huruma. Hakuna mtu wa hivyo, labda kwenye wasifu wa marehemu. Badala yake mtafute mtu mmoja anayemwona tofauti. Kijana wa mkokoteni ni mzuri sana kwa hiyo kazi, yupo pale kutwa, haongei, anaona vyote. Mhusika wako ukimwangalia kupitia jicho la mtu mwingine unapata vitu viwili kwa mkupuo, unamjua yeye na unajua watu wakiwa karibu naye wanabadilikaje, nani anashusha sauti, nani anapita njia ya nyuma.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo vitabu vya shule havilikazii. Ni nyakati. Maelezo ya mhusika yanaanza na mazoea, na mazoea yana kiambishi chake, hu-. Huja, hupanga, hubonyeza, huita. Ukikaa na hu- mpaka mwisho unapata mtu anayezunguka tu, kila siku ile ile, hakuna kinachotokea. Kwahiyo katikati unakata: "siku hiyo alikuja..." alafu unaingia na -li- na -ka-, akaja, akasema, akacheka. Pale unapohama kutoka hu- kwenda -li- ndo mhusika anasimama. Msomaji keshajua huwa anafanya nini, sasa anasubiri aone leo atafanya nini. Usihamehame ovyo lakini, hu- alafu -li- alafu hu- tena, utamchanganya mtu.

Sasa nakupa mfano, nimeandika haraka haraka kwa kutumia huyo huyo mama yako:

"Asubuhi za Julai Mama Sikudhani hufika sokoni na koti la kiume lililokunjwa mikono mara mbili. Viazi hamwagi, huvipanga, na kila kimoja hukibonyeza kwa dole gumba kabla hajakiweka. Vigumu huku, vilaini kule. Mteja mwenye hela mkononi humwita dada. Asiye nayo humwita mwanangu, na mwanangu hajawahi kuondoka mikono mitupu. 'Chukua tu, utaleta.' Daftari la madeni hukaa mfuko wa ndani wa koti, kalamu imechomekwa katikati, na hakuna aliyewahi kumwona akilifungua.

Siku hiyo alikuja mke wa seremala, mtandio kaushusha mpaka kwenye nyusi. Kabla hajafungua mdomo Mama Sikudhani alishaanza kumpimia.

'Mwanangu, watoto hawajambo?'

'Hawajambo mama. Ile ya mwezi ule...'

'Nani kakuuliza?'

Akacheka, na yule akacheka naye, kidogo. Sado ikajaa mpaka ikafanya kilima, akaongeza viwili juu, vikubwa, vigumu, vya kuonekana. Kijana wa mkokoteni aliyesimama nyuma akaangalia pembeni. Yeye alishaona mkono ulivyoanza, na ulianzia upande gani."

Hapo hatujafika hata nusu ya maneno uliyopewa. Tafuta humo neno mkarimu, halipo. Mkali halipo, mcheshi halipo, mchapakazi halipo. Lakini ukimuuliza mtu yeyote aliyesoma atakwambia huyu mama anatoa na anaumiza kwa mkono ule ule, na pengine watabishana, mmoja atasema ni katili, mwingine atasema aah, deni la mwezi mzima na bado anampa, mlitaka afanyeje? Wakibishana ujue umefaulu.

Angalia pia nilivyotega. Sentensi ya "vigumu huku, vilaini kule" niliiweka mapema, mahali ambapo inaonekana ni kazi ya kawaida tu ya muuza viazi, kila mtu anachambua mali. Bila hiyo ile sentensi ya mwisho isingeeleweka, msomaji angejiuliza upande gani tena. Ukitaka kumalizia na kitu kidogo kinachouma hakikisha umekipanda juu huko, tena kwa uso mkavu, usimkonyeze msomaji. Na sikusema viazi vilaini vilikaa chini ya sado. Ningesema, kijana wa mkokoteni angekosa kazi.

Kuna mtu atasema mbona hapa hujaeleza sura yake hata kidogo. Nimeeleza koti, dole gumba, cheko na mfuko wa ndani. Uso wake umeshauchora mwenyewe ukiwa unasoma, na nakuhakikishia uso uliouchora unafanana na mama fulani unayemjua huko kwenu. Ningekuchorea mimi ungekuwa unahangaika kumbadilisha.

Ila mfano huo usiuchukue ukaupeleka kama ulivyo, kwanza mwalimu wako atajua tu, pili umeshatumika. Chukua lile swali la "ila" ulijibu kwa njia yako. Nenda sokoni, nunua kitu cha kula, kaa sehemu usiyosumbua watu, na kwenye daftari andika vitenzi peke yake. Usiandike mzuri, mchangamfu, mchovu. Andika anafuta, anageuka, anahesabu kapa mgongo, anaficha, anarudisha chenji kabla hajaombwa. Ukitoka na vitenzi ishirini hivi chagua vitatu tu. Hivyo vitatu viwe vile ambavyo mtu mwingine wa kazi ile ile hafanyi.

Usijisumbue kumfanya kila mtu kwenye maelezo awe wa kina. Mtaulizwa kwenye mtihani wahusika bapa (wa upande mmoja tu) na wahusika duara (wenye pande zaidi ya moja), huo mgawanyo unatokana na Mwingereza E. M. Forster, aliutoa 1927, na wanafunzi wengi wanaondoka darasani wakidhani bapa ni kosa. Sio kosa. Mke wa seremala ni bapa, mtandio kwenye nyusi basi, imetosha, tumeshajua ana aibu na ana njaa nyumbani. Angekuwa na historia yake ndefu angemfunika mwenye hadithi. Kwenye maneno 400 mtu mmoja tu ndo anaruhusiwa kuwa na pande mbili.

Jina umechagua vizuri, libaki. Sema uangalie tu jina na mahali vinaendana, ukimwita Tusekile au Atupele akiwa muuza viazi Mafinga msomaji wa huku atajiuliza huyu Mnyakyusa kafikaje huko, kaolewa? kafuata mbao? Kama hilo swali unalitaka, sawa, litumie. Kama hulitaka usilifungue.

Ukimaliza rasimu chukua penseli upigie mstari kila "ni", kila "ana" na kila "mwenye". Kwenye aya yako zimeshikana kama mbegu za alizeti, ndo maana ikasomeka orodha. Sio kwamba zote mbaya, moja mbili zinabaki bila shida, ila kila uliyoipigia mstari jiulize kama kuna kitenzi kinaweza kufanya hiyo kazi. "Ana macho makubwa" haina kitenzi cha kuiokoa, inatoka. "Ni mcheshi" ina kitenzi, anacheka lini, na nani, na yule mwingine anacheka kiasi gani. Alafu soma kwa sauti, mwombe mwenzako wa bweni asikilize bila kuona karatasi, akimaliza muulize huyu mtu yukoje. Asipotaja tabia yoyote, au akikurudishia maneno yako yale yale, rudi kwenye kazi.

Usianze na kuzaliwa kwake. Usianze na "hapo zamani". Anza akiwa na kitu mkononi. Na usimalizie na "hivyo ndivyo alivyokuwa Mama Sikudhani, mwanamke wa pekee", naijua hiyo sentensi, huwa inakuja yenyewe mkono ukishachoka, ikija ifute na uangalie ile ya kabla yake, mara nyingi ndo mwisho mzuri ulikuwa pale.

Mwisho kabisa, kama huyo mama yupo kweli hapo sokoni na we unamjua, badilisha vitu. Viazi vigeuze vitunguu, koti ligeuze kofia ya mdogo wake, mke wa seremala awe mtu mwingine. Hizi kazi mwalimu akizipenda anazisoma darasani, darasani kuna mtoto wa jirani yake, na Mafinga mji mdogo mwanangu, viazi bado utaendelea kununua.